Mwizi wa Ziwa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Wanafunzi wangu wanalijua, wakuu wa shule niliofanya nao kazi wanalijua, na mdogo wangu wa kiume, ambaye habari hizi zinamhusu kuliko mtu mwingine, husema nilizaliwa nimekunja uso. Kwa hiyo anayesoma haya asitegemee nitasimulia kwa upole. Imepita miaka sasa, lakini kila nikipita barabara ya kwenda kwenye ile bustani ya wanyama, nikakiona kibao chao chenye pundamilia anayecheka, natamani nimwambie bodaboda asimame nishuke nikaking'oe.

Ilikuwa wakati ziwa lilipofungwa. Asiyeishi huku kwetu akisikia ziwa limefungwa anaweza kucheka, akajiuliza kufuli lilitiwa wapi. Lilifungwa kwa amri, kwa miezi kadhaa, ili samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi yote ikapandishwa mchangani, nyavu zikakunjwa zikawekwa ndani, na zile taa ambazo usiku wa giza mtu akiwa Ujiji huziona zimetapakaa juu ya maji mpaka akadhani kuna mji mwingine huko mbele, zikazimika zote. Wanaume waliozoea kulala mchana wakaanza kulala usiku kama watu wengine, na wengi wao walishindwa. Ungewakuta alfajiri wamekaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanatazama maji ambayo hawaruhusiwi kuyaingia.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Ni mvuvi wa dagaa, kama alivyokuwa baba yetu na babu yetu. Mimi nimesomeshwa kwa dagaa, kuanzia daftari la kwanza mpaka chuo cha ualimu, na sare yangu ya kwanza ya shule ilinunuliwa na baba baada ya siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawavuliki, kupita na wavuvi kurudi kazini. Na nataka jambo moja lieleweke mapema, kwa sababu ndilo linalonitia uchungu zaidi. Mdogo wangu hakupinga ziwa kufungwa. Ulipoitishwa mkutano pale mwaloni wa kuwaeleza wavuvi, yeye ndiye aliyesimama akasema dagaa wamekuwa wembamba kama uzi wa cherehani, kwamba wenye makokoro wanazoa mpaka vifaranga, na kwamba ziwa limechoka na liachwe lipumzike. Kokoro ni ule wavu mrefu unaotegwa na kukokotwa kutoka ufukweni ukabeba kila kilicho njiani, na umepigwa marufuku. Yeye hajawahi kuushika. Alizomewa na wenzake siku ile, na bado alinyoosha mkono kuunga mkono.

Ana binti, mtoto wake wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na alikuwa akisoma shuleni kwetu. Nyumbani aliniita shangazi, shuleni aliniita mwalimu, na hakuwahi kukosea hata siku moja. Alikuwa mtoto wa kujidai kwa baba yake. Jioni ndiye aliyempelekea chakula mwaloni kabla mitumbwi haijaondoka, sufuria ndogo imefungwa kwenye kitambaa, na hakurudi nyumbani mpaka amemwona baba amepanda chomboni. Asubuhi, kama si siku ya shule, alimsubiri palepale. Wenzake walipobishana nani baba yake ana nguvu, nani baba yake ana pikipiki, yeye alisema baba yake anajua njia katikati ya maji gizani, na hapo ubishi uliisha.

Likizo ya Juni ikafika na ziwa bado limefungwa. Bustani ya wanyama, iliyoko nje kidogo ya mji kwenye kilima kinachotazama ziwa, ikaleta habari shuleni kwamba itafanya kambi ya watoto wa shule za pwani ya ziwa. Si kambi ya kulala. Watoto wangechukuliwa asubuhi kwa basi, wangeshinda na wanyama, wangefundishwa kutunza mazingira, wangekula chakula cha mchana, kisha wangerudishwa jioni. Bure. Mwisho wa kambi kungekuwa na maonyesho na wazazi wangealikwa. Mwalimu mmoja alitakiwa aende nao, na kwa kuwa sina mume wa kunisubiri wala shamba la kulima, nikachaguliwa mimi.

Tusidanganyane kuhusu sababu za wazazi kukubali upesi vile. Nyumba nyingi za mwaloni wakati ule zilikuwa zinapika mara moja kwa siku, na mtoto aliyeahidiwa wali na nyama mchana ni mzigo uliopungua kwa mama. Lakini mdogo wangu alikuwa na sababu nyingine. Aliniambia anataka binti yake amwone pundamilia kwa karibu, maana yeye mwenyewe, na umri ule, alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye gazeti.

Aliyekuwa akiongoza kambi nilimfahamu. Nilimfundisha alipokuwa darasa la tatu. Ni mtoto wa mtaa wa Kasingirima, baba yake alikuwa mvuvi, mama yake alikuwa akikausha samaki wa migebuka kwa moshi uani, na kijana huyo alikuja shuleni akinukia moshi huo kila siku. Wenzake walipoziba pua mbele yake, mimi ndiye niliyewafokea. Alisoma, akaenda chuo, akajifunza mambo ya wanyamapori, akarudi na viatu vya kupandia milima na kofia yenye nembo. Aliponiona nashuka kwenye basi alikuja mbio, akanishika mkono kwa mikono miwili. Shikamoo mwalimu, hujambo mwalimu, hujabadilika mwalimu. Nilifurahi, nakiri. Nilijiona nimekuja kutazama kazi ya mikono yangu.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri na nitakuwa mnafiki nikisema vinginevyo. Watoto waliwaona pundamilia, wakagundua kwamba wananuka kama punda wa kawaida, wakavunjika moyo, kisha wakawapenda hivyohivyo. Walimpanda kobe kwa macho tu, kwa sababu walikatazwa kumpanda. Tumbili wa porini, ambao hawakuwa wa bustani bali walikuja kutembea, walinifungulia mkoba wakaniibia chapati mbili, na watoto wakacheka mpaka mmoja akakojoa. Binti yetu alijifunza jina la kila ndege na akirudi nyumbani alimsimulia baba yake mpaka usingizi ukamkatiza. Baba yake alisikiliza yote. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kulikuwa pia na mamba, kwenye bwawa la saruji lenye ukuta mfupi. Siku ya kumlisha, mfanyakazi alikuja na ndoo ya migebuka iliyokuwa imegandishwa tangu kabla ziwa halijafungwa. Watoto walisimama ukutani wakaangalia migebuka ile, mizima, minene, ikitupwa mmojammoja. Hawakuwa wameonja mgebuka kwa wiki kadhaa. Mtoto mmoja akauliza, kwa sauti ya kutaka kujua kweli, kama mamba yeye hakufungiwa. Walimu tuliokuwepo tulicheka. Kijana wangu wa Kasingirima hakucheka, alisema tuendelee na ratiba.

Ubaya ulianza siku ya somo la maadui wa wanyama. Tulikaa chini ya turubai, na kijana akatundika picha kubwa iliyochorwa kwa rangi. Upande mmoja alikuwepo mtu mwenye shoka na magunia ya mkaa, upande mwingine mtu mwenye mtego na swala begani, na katikati, mkubwa kuliko wote, mtu amesimama kwenye mtumbwi ameshika wavu umejaa samaki. Kabla hajasema chochote kuhusu picha, aliwauliza watoto nani amewahi kumwona mtu kama huyu wa katikati.

Mikono ilipanda yote. Na wala haikupanda tu, watoto walinyanyuka, wakasukumana, wakapiga vidole ili wachaguliwe. Jamani, walikuwa watoto wa mwaloni. Siku zote walionyeshwa picha za madaktari, marubani na askari, na sasa kwa mara ya kwanza mtu aliyechorwa kwa rangi nzuri na kutundikwa mbele ya watu alikuwa na mtumbwi. Walidhani ni sifa. Mmoja akasema ni baba yake, mwingine akasema hapana, ni mjomba wake, huo mtumbwi ni wa mjomba wake. Binti yetu alikuwa amesimama mbele ya wote, ananyoosha mkono mpaka bega linataka kuchomoka, na alipochaguliwa alisema, "Huyo ni baba yangu akirudi asubuhi."

Kijana akasubiri wanyamaze. Kisha akawaambia kwamba mtu huyo ndiye anayemaliza ziwa. Kwamba kwa tamaa yake samaki wamekwisha, na ndiyo maana serikali imelazimika kufunga. Kwamba mtu huyo jina lake ni mwizi wa ziwa. Akawataka warudie, na watoto, ambao wamefundishwa na watu kama mimi kurudia kila wanachoambiwa warudie, wakarudia. Mikono yao ilikuwa bado inashuka.

Nilimtazama binti yetu. Alikaa chini, akavuta sketi ikafunika magoti, akaanza kuiangalia ile picha upya.

Wakati wa chakula nilimfuata kijana nyuma ya jiko. Nilimwambia kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwangu ni ishara mbaya kuliko kupiga kelele, kwamba amekosea na akasahihishe leo. Nilimwambia kuna mvuvi wa kokoro na kuna mvuvi. Kuna mwenye wavu wa chandarua na kuna mwenye wavu wa macho, yaani matundu, ya ukubwa unaoruhusiwa. Yeye mtoto wa Kasingirima anajua tofauti hiyo kuliko mtu yeyote pale. Akanijibu kwa adabu, mikono nyuma, kwamba watoto wadogo hawahitaji maelezo mengi, wanahitaji ujumbe mmoja. Watoto ndio watakaowabadilisha wazazi, ndivyo walivyofundishwa kwenye semina. Na kwa kweli, akasema, yule mtoto aliyejibu vizuri ameshamchagua aigize nafasi ya mvuvi kwenye maonyesho, kwa sababu ana ujasiri.

Nilikwenda nyumbani kwa mdogo wangu jioni hiyohiyo, nikiwa nimejaa hadi hapa. Nikamkuta uani, kivulini, anakunja tawi bichi juu ya moto ili alifanye duara. Binti yake alikuwa amemwambia kwamba amepewa nafasi ya mvuvi na anatakiwa aende na wavu. Hakumwambia zaidi. Na baba, ambaye kwa muda mrefu mikono yake haikuwa na kazi, alikuwa akimtengenezea lusenga.

Watoto wa siku hizi wengi hawaijui. Lusenga ni wavu wa babu zetu, mfuko wa wavu uliofungwa kwenye duara la mti wenye mpini mrefu. Zamani, kabla ya taa za karabai na kabla ya injini, watu waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, dagaa wakaja kwenye mwanga, nao wakawachota kwa lusenga, mchoto baada ya mchoto, mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna ziwa lililowahi kumalizwa kwa lusenga. Mdogo wangu aliikata kwa kimo cha mtoto, akaufuma mfuko kwa kipande cha wavu cha zamani, akapaka mpini mafuta ya mawese usimchubue. Kisha akamfundisha namna ya kushika. Mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, usichote kwa mbele, ingia chini yake, inua, geuza. Mtoto alijaribu mara nyingi, akichota majani ya mwembe yaliyoanguka uani, na baba akamsahihisha bila kuchoka. Kwa muda ule alirudi kuwa yule mtoto wa zamani, akacheka hata na mdogo wake aliyejifanya dagaa.

Nilimwambia mdogo wangu yote. Nilimweleza ile picha, na lile jina watoto walilolazimishwa kulirudia. Alinisikiliza huku anavuta fundo la kamba kwa meno. Akasema mimi huona ugomvi kila mahali, kwamba bila shaka wanamaanisha watu wa makokoro, nani asiyejua kwamba wale ni waharibifu. Akasema vijana waliosoma hawawezi kushindwa kutofautisha. Binti yake alikuwa amesimama karibu, ameshika mpini, anatusikiliza.

Kesho yake nilirudi kwa kijana, nikamwambia abadilishe igizo. Nilimpa na njia, maana mimi ni mwalimu na nimeandika maigizo ya mahafali tangu yeye hajaota ndevu. Waweke wavuvi wawili, mmoja wa kokoro na mmoja wa halali, na yule wa halali ndiye ampeleke mwenzake kwa wanyama akahukumiwe. Akaitikia. Akasema, sawa mwalimu, nitarekebisha. Aliiona lusenga pia, mtoto alipoishusha kwenye basi, akaigeuza mkononi, akasema safi sana, itaonekana vizuri kwa mbali. Mtoto wa Kasingirima, ambaye babu yake bila shaka alikula kwa kitu hicho.

Siku ya maonyesho wazazi walikuja wengi kuliko walivyotarajiwa, kwa sababu hawakuwa na kazi. Wageni waliofadhili kambi walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa, na wazazi nyuma kwenye viti vya plastiki na kwenye majani. Mdogo wangu alivaa kanzu ya Idi na kofia. Alikuja na wenzake wawili wa chombo kimoja, akiwaambia mtoto wake ataonyesha lusenga, na wao wakacheka wakasema wataona kama anajua.

Igizo lilianza vizuri. Watoto wadogo walivaa samaki wa karatasi vifuani wakazunguka jukwaani kama maji. Binti yetu akaingia. Kushoto chini, kulia juu, akaingia chini yao, akainua, akageuza. Alichota wale samaki wa karatasi kwa namna ambayo kule nyuma mtu mzima mmoja alisema "ehee" kwa sauti, na wavuvi wakapiga makofi. Wale hawakupiga makofi ya heshima. Walikuwa wamemwona mtu anayeifanya kazi ilivyo. Mdogo wangu alitazama kulia na kushoto, uso wote unang'aa.

Kisha wakaingia wanyama. Mtoto mwenye kinyago cha furukombe, yule tai mla samaki, alikuwa hakimu, mwenye kinyago cha mamba alikuwa askari. Wakamkamata mvuvi. Nilingoja yule mvuvi wa pili, nilingoja neno kokoro. Havikuja. Furukombe akauliza huyu ni nani, na watoto wote wa kambi, waliopangwa pembeni, wakapaza sauti kwamba ni mwizi wa ziwa. Wakaambiwa warudie. Wakarudia mara ya tatu kwa nguvu zaidi kwa sababu wageni walikuwa wanapiga picha. Mtoto akapigishwa magoti. Alitakiwa aseme sentensi moja, na akanyamaza. Alikuwa ameinua macho, anaangalia kule nyuma, kwenye kanzu nyeupe. Kijana akamnong'oneza kutoka pembeni. Akanong'onezwa tena, na hapo akasema, kwa sauti safi ya shule, ile niliyomfundisha mimi: "Nimeua ziwa kwa tamaa yangu. Naomba msamaha kwa wanyama wote."

Furukombe akatoa hukumu kwamba wavu uvunjwe. Watoto wawili wakaiweka lusenga chini wakaikanyaga. Tawi lilikuwa bichi, halikuvunjika mara ya kwanza. Wakalirukia mpaka likakatika.

Wageni wakasimama kupiga makofi. Nyuma, wavuvi nao wakapiga, polepole, kwa adabu, maana watoto walikuwa wao na wageni walikuwa wageni. Mdogo wangu alipiga makofi pia. Nataka hilo liandikwe. Alipiga makofi akiwa ameangalia mbele.

Mimi sikupiga. Nilizunguka nyuma ya jukwaa nikamkuta kijana wangu anapongezwa, nikawapita waliokuwa wanampongeza, nikasimama mbele yake. Nilikuwa na maneno mengi niliyokuja nayo lakini lilitoka moja tu.

"Yule uliyempigisha magoti ni baba yako."

Akatabasamu, akitazama pembeni kama kuna anayesikia. Akasema, "Mwalimu, hayo ni maigizo tu."

Nikamwambia mbele ya watu hao kwamba kama ni maigizo, basi angevaa yeye zile nguo za mvuvi, akapiga magoti yeye mbele ya wageni wake, mama yake akiwa kwenye majani anamtazama. Mkubwa wa bustani akaja akaniuliza kuna tatizo gani, mama. Nikamjibu kwamba tatizo ni kwamba hamwezi kugusa wenye makokoro kwa kuwa mnawaogopa, mkaona muwakanyage wasiopiga kelele, na tena kwa miguu ya watoto wao. Nilisema na mengine ambayo siyarudii. Hawakunialika tena na wala sikutegemea kualikwa. Kama anasoma haya, kijana yule, ajue kwamba sijapoa.

Tulirudi kwa miguu kutoka basi lilipotushusha. Mdogo wangu alitembea karibu na binti yake, akamwambia amechota vizuri, kwamba mkono wa kushoto aliushusha vilevile alivyomwonyesha, na kwamba hata wenzake wa chombo wamekubali. Alimwambia hayo na si lingine lolote. Mtoto akapunguza mwendo, akampisha baba yake apite mbele, akanishika mkono mimi. Tulipokuwa tumeachwa hatua kadhaa aliniuliza kwa sauti ndogo kama babu naye alikuwa mwizi.

Nilimwambia hapana. Nilimweleza yote niliyomweleza kijana, kokoro na chandarua na macho ya wavu, nikamweleza jinsi baba yake alivyosimama kwenye mkutano akazomewa. Nilisema kwa hasira, na nadhani alisikia hasira kuliko maneno. Mtoto hulinganisha. Upande mmoja yupo shangazi yake mwenye kelele siku zote, upande mwingine kuna picha ya rangi, watu wenye kofia za nembo, na wenzake wote wakisema kwa sauti moja. Aliitikia ndiyo shangazi, kama anavyoitikia ndiyo mwalimu.

Ziwa lilifunguliwa baadaye, na usiku wa kwanza Ujiji nzima ilishuka ufukweni kutazama taa. Dagaa walikuwa wengi na wakubwa, yote aliyoyasema mdogo wangu kwenye mkutano yalikuwa kweli. Jioni hiyo sufuria ya chakula ililetwa mwaloni na mdogo wa binti yetu, mtoto wa miaka sita, kaimwaga nusu njiani. Mama yao alisema dada mtu ana kazi nyingi za shule. Kesho yake alikuwa na kazi nyingi za shule, na keshokutwa pia. Mdogo wangu akasema ni vizuri mtoto apende kusoma. Mimi ndiye niliyekuwa nampa hizo kazi za shule, na nilijua sikumpa yoyote.

Halafu kikaja kipindi kimoja darasani. Somo lilikuwa kazi za watu katika jamii yetu, kipindi chepesi ambacho mwalimu hukiendesha hata akiwa na homa. Kila mtoto anasimama anasema mzazi wake anafanya kazi gani na kazi hiyo inatusaidiaje. Asubuhi ile nilikuwa nimepitia mwaloni. Mdogo wangu alikuwa ndio kwanza ameshuka, macho mekundu, amelowa hadi kiunoni, akanijazia mfuko wa dagaa wabichi kwa ajili ya mchana. Mfuko ulikuwa chini ya meza yangu.

Wakaanza. Mtoto wa kwanza aliyekwenda kambini akasema baba yake ni mkulima. Namfahamu baba yake, hana hata jembe. Wa pili akasema fundi. Wa tatu akasema biashara, na nilipomuuliza biashara gani akasema hajui. Niliwaacha. Nilitaka nione mwisho wake. Watoto ambao hawakwenda kambini, nao baba zao wakiwa vyombo vilevile, walisema mvuvi bila wasiwasi wowote, wakakaa.

Zamu yake ilipofika alisimama vizuri, mikono pembeni, akaniangalia machoni.

"Baba yangu hana kazi, Mwalimu."

Nikamwambia akae. Nikageukia ubao nikaandika neno mvuvi, kwa herufi kubwa, chaki ikakatika nikachukua nyingine, nikaliambia darasa zima lisome. Likasoma. Nikasema tena, likasoma tena. Nilikuwa nimegeuka, naangalia mdomo mmoja tu katika darasa lile, na ulikuwa umefungwa.